Si Uchafu Wala Kutu: Patina, Prufu na Lugha ya Wakusanyaji Sarafu

Mwanafunzi wa istilahi hutafuta uwanja wenye maneno mengi na ugomvi mwingi. Mimi nimeupata kwa wakusanyaji wa sarafu wa Marekani, hasa wale wanaotafuta sarafu za prufu zilizogeuka rangi kwa umri. Wana lugha yao, hesabu yao na namna yao ya kupiga picha, na katika yote matatu kuna swali ambalo sisi wa isimu tunalijua vizuri: nani ana haki ya kukipa kitu jina, na jina likishatolewa linabadili nini? Kwao jibu hulipwa kwa dola.

Nianze na prufu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Prufu si sarafu nzuri sana wala si daraja la juu la ubora. Ni namna ya kutengeneza. Sarafu ya kawaida hupigwa chapa mara moja, haraka, kisha huangukia kwenye lundo la wenzake. Prufu hutengenezwa polepole: mihuri ya chuma inayopiga chapa husuguliwa hadi ing'ae, kisahani cha chuma kinachopigwa nacho husafishwa na kung'arishwa, kisha hupigwa mara mbili au zaidi kwa nguvu kubwa kuliko kawaida. Matokeo yake ni uwanja unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, na juu yake picha yenye kingo kali. Mihuri ikiwa bado mipya, picha huwa na weupe kama ukungu juu ya uwanja unaoonekana mweusi. Tofauti hiyo ya ukungu na kioo wanaiita kameo.

Majina yenyewe yanafurahisha. Waingereza walichukua neno la kujaribu: vipigo vya kwanza vilikuwa vya kukagua mihuri, na jina likabaki hata pale ambapo hakuna tena kinachojaribiwa. Wafaransa husema flan bruni, yaani kisahani kilichong'arishwa. Wao wametaja malighafi. Wajerumani husema Polierte Platte, na wao vilevile wametaja ung'arishaji. Lugha moja imeita kitu kwa lengo lake la zamani, mbili kwa kazi ya mikono. Kwa Kiswahili nimejaribu "sarafu ya kielelezo" nikaiacha, maana msomaji atadhani ni sampuli. Nitaandika prufu.

Nyumbani kwetu kuna mfano, na ndio ulionisukuma kuandika. Babu aliachiwa na mwalimu mmoja wa misheni, Mmarekani, seti ya prufu ya 1963: senti 1, senti 5, senti 10, robo dola na nusu dola. Kifuko chake cha plastiki kilichanika zamani, na sarafu zikawa zinakaa kwenye mkebe, kila moja imefungwa katika kipande cha karatasi ya bahasha. Mwaka jana, karo za wadogo zetu zilipokaribia, mkebe ulifunguliwa. Mnunuzi mmoja wa fedha mjini aliziweka zile tatu za fedha kwenye mizani, akapunguza bei kwa sababu, alisema, ni chafu. Mama mdogo akasema tuzisugue kwa ndimu na majivu kwanza, halafu turudi. Nilipouliza kama tungoje kidogo, alinijibu: "Weye unasomaka maneno. Hii si feza, ni buchafu tu."

Sentensi yake ina uzuri wake. Fedha ni neno la Kiarabu la madini yenyewe, fidha, nasi tumelifanya kuwa jina la pesa zote, hata za karatasi. Yule mnunuzi alikuwa amerudi kwenye maana ya kwanza. Hesabu yake si ngumu: nusu dola ina gramu 12.5, robo gramu 6.25, senti 10 gramu 2.5. Jumla gramu 21.25, na kwa kuwa asilimia 90 ni fedha na 10 ni shaba, fedha safi ni kama gramu 19.1. Hicho ndicho kiasi kilichokuwa mezani. Swali lilikuwa kama kuna kitu kingine mezani zaidi ya hicho, na kama ndimu ingekiondoa.

Ingekiondoa. Kile kinachoonekana kama uchafu hakikutua juu ya fedha kama vumbi linavyotua juu ya kabati. Hewa, karatasi duni, mpira na vitambaa vingine huwa na salfa kidogo. Salfa hiyo huungana na fedha ya usoni kabisa na kufanya salfaidi ya fedha, utando mwembamba mno. Kwa hiyo utando huo umetengenezwa kwa sarafu yenyewe. Ukiuondoa kwa dawa, unaondoka na sehemu ya ngozi ya sarafu. Ukiuondoa kwa kusugua, unaacha mikwaruzo myembamba kama nywele, na juu ya uwanja wa kioo wa prufu mikwaruzo hiyo haifichiki wala haiponi. Majivu ni mchanga mwembamba. Ndimu ni asidi. Mama mdogo angerudi kwa mnunuzi na kitu kinachong'aa, kisichoweza tena kuwa chochote ila gramu.

Utando ukiwa mwembamba, jambo la ajabu hutokea. Sehemu ya mwanga hurudi kutoka juu ya utando, sehemu nyingine hupenya na kurudi kutoka chini yake, kwenye chuma. Miali hiyo miwili ikikutana, rangi fulani huimarishana na nyingine huuana. Ni jambo lile lile la mafuta juu ya maji ya barabarani na la povu la sabuni. Hakuna rangi iliyopakwa. Kuna unene tu. Unene ukiongezeka, rangi hubadilika kwa mpangilio: kwanza manjano ya majani makavu na dhahabu, kisha wekundu unaoelekea zambarau, kisha buluu nzito, kisha samawati hafifu, halafu mzunguko unaanza tena na manjano, waridi kali na kijani, hadi utando unapokuwa mnene na kila kitu kuwa kijivu kizito au cheusi.

Mfuatano huo ndio sarufi ya patina. Sisi tunajua kwamba katika kitenzi cha Kiswahili viambishi vina nafasi zao: tunasema nimekiona, na hakuna mzungumzaji anayesema kimeniona akitaka maana ile ile. Mkusanyaji mzoefu huisoma sarafu hivyo hivyo. Katika sarafu iliyolala miaka mingi ndani ya karatasi au kitabu cha kuhifadhia, salfa mara nyingi huingia kutoka ukingoni. Basi ukingo huwa na utando mnene na katikati mwembamba: buluu pembeni, zambarau ndani yake, dhahabu katikati, bila kuruka hatua. Akiona buluu imekaa ubavuni mwa fedha tupu bila dhahabu wala zambarau kati yake, husimama kama tunavyosimama tukisikia sentensi isiyokubalika. Haimaanishi kwamba ni uongo kwa hakika. Inamaanisha kwamba kuna jambo la kuelezwa.

Kwa maana uongo upo. Kuna wanaopasha sarafu moto, wanaotumia kemikali za salfa, wanaofungia sarafu kwenye mfuko pamoja na yai la kuchemsha, ili wapate kwa siku chache kile ambacho karatasi hufanya kwa miaka thelathini. Na hapa ndipo pananivutia zaidi ya pengine pote: kikemia, utando ni ule ule. Salfaidi ya yai na salfaidi ya bahasha ni salfaidi ya fedha. Maneno "asilia" na "bandia" hayaelezi kitu kilichoko juu ya sarafu. Yanaeleza historia yake na nia ya mtu. Mpimaji hana historia hiyo mkononi. Ana dalili tu, kama sisi tulivyo na dalili za neno lililoazimwa bila kuwa na shahidi wa siku lilipovuka mpaka. Ndiyo maana wapimaji waaminifu hawasemi "bandia" kirahisi. Kampuni ya PCGS ina kauli yake ambayo naitafsiri "rangi yenye shaka": sarafu ya namna hiyo hainyimwi uhalali, lakini hainyanyuliwi kwa namba.

Namba hizo nazo zina kisa. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani za 1793 hadi 1814, na ndani yake akaweka kipimo cha 1 hadi 70. Hakikuwa kipimo cha uzuri. Kilikuwa cha bei: sarafu ya 70 ilipaswa kuwa na thamani mara sabini ya sarafu ile ile ya 1. Soko halikutii hesabu hiyo kwa muda mrefu, uwiano wa bei ukafa, lakini namba zikabaki na zikahamia kwenye sarafu zote, hata zile ambazo Sheldon hakuzigusa. Leo 70 maana yake ni kutokuwa na dosari inayoonekana chini ya ukuzaji uliokubaliwa. Mwanasemantiki angetamani mfano safi kama huu: umbo limebaki, maana imehama, na wengi wanaolitumia hawajui lilikotoka.

Kwa mwanafunzi aliyezoea alama kwa 20, kipimo hiki kina mtego. Prufu ambayo haijashikwa hovyo huanzia 60. Yaani 60 hapo si daraja la kujivunia. Ni mtu aliyefika darasani. Mchezo wote uko kati ya 60 na 70, na bei inaweza kuruka sana kati ya 67 na 68, tofauti ambayo jicho langu haliioni bila kuelekezwa. Mpimaji hutazama kwanza mikwaruzo kwenye uwanja wa kioo, kisha alama za kugusana, kisha ukamilifu wa chapa, kisha mvuto wa jumla. Patina huingia hapo mwishoni, na huweza kusaidia au kuharibu. Rangi angavu zinazoacha kioo kionekane humvutia. Utando mzito uliouzima mwanga humshusha. Tena patina inaweza kufunika mikwaruzo, kama poda usoni, na mpimaji anapaswa kuigeuzageuza sarafu chini ya taa hadi kilicho chini kijitokeze.

PCGS ilianza kazi 1986 na NGC 1987. Zote hufungia sarafu kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba. PCGS huandika PR na NGC huandika PF, kwa maana moja. Moja husema kameo "ya kina", nyingine kameo "ya kupindukia", kwa kitu kile kile. NGC huongeza nyota kwa sarafu yenye mvuto wa pekee. Ni lahaja mbili za kijiji kimoja. Anayesoma Austin ataona mara moja kwamba "PF 67" si maelezo. Ni hukumu, tendo linalotendeka kwa kutamkwa na mtu aliyepewa kiti. Sarafu ile ile, ikitolewa kwenye kasha na kupelekwa tena, inaweza kurudi na namba nyingine. Chuma hakijabadilika, hukumu imebadilika, na bei pamoja nayo.

Shaba ina utaratibu wake. Senti ya prufu hupewa, pamoja na namba, moja ya rangi tatu: nyekundu, nyekundu-kahawia au kahawia. Nyekundu ni ile iliyohifadhi karibu asilimia 95 ya rangi yake ya kwanza. Kwetu Katanga jambo hili halihitaji maelezo marefu. Aliyewahi kuona mukuba uliotoka tu kuyeyushwa na msalaba wa zamani kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi amekwisha kuona ncha mbili za kipimo hicho. Faranga 1 na 5 za Katanga za 1961, za bronzi, zenye msalaba huo huo juu yake, hupatikana zaidi zikiwa za kahawia, na hazipungukiwi kitu kwa hilo. Kijani cha unga kwenye shaba ni habari nyingine: hicho kinakula chuma, na hapo neno kutu linastahili.

Sasa picha, ambayo ndiyo kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Prufu ni kioo, na kioo hakionyeshi uso wake. Kinaonyesha kilicho mbele yake. Ukiilaza sarafu mezani na kuinamisha simu juu yake, utapiga picha ya simu yako: uwanja mweusi, rangi zote zimekufa, ndipo watu husema ni chafu. Rangi za utando huonekana pale tu ambapo mwanga unaogonga uwanja unarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Wenye vifaa huweka kipande cha kioo safi, kilicholazwa digrii 45, kati ya kamera na sarafu. Taa hukaa pembeni. Kioo hurudisha sehemu ya mwanga chini wima hadi kwenye sarafu, nao hupanda tena kupita kile kioo hadi kwenye lenzi. Uwanja wote huwaka.

Bila kifaa hicho nilitumia dirisha lenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ili mwanga uwe laini, nikaiegemeza sarafu juu ya kifutio ili iinamie dirishani, na simu nikaifunga kwenye rundo la vitabu isitikisike. Kuegemeza kuna gharama: upande mmoja wa sarafu hutoka nje ya ulengaji. Dawa yake ni kurudi nyuma na kukata picha baadaye badala ya kusogea karibu. Weupe wa picha nilipima kwa karatasi ile ile ya dirishani. Sarafu nilishika ukingoni tu, juu ya kitambaa laini, mdomo umefungwa, kwa sababu tone la mate huacha doa lisilotoka.

Nikapiga mbili kwa kila upande: moja sarafu ikiwa bapa, moja ikiwa imeinamishwa. Wauzaji wengi huonyesha ya pili tu, na wengine huongeza ukali wa rangi kwenye kompyuta hadi buluu inapiga kelele. Nimewahi kuona tangazo ambalo hata karatasi nyeupe chini ya sarafu ilikuwa imegeuka waridi. Kwa maoni yangu, picha ya sarafu ni data ya uwandani kama rekodi zetu za masimulizi: iandikwe ilipigwaje, mwanga ulitoka wapi, nini kilibadilishwa baadaye. Picha ya bapa na ya mshazari zikiwekwa pamoja, mtazamaji anajua sarafu itakavyokuwa mkononi mwake.

Nusu dola ya babu, upande wa kengele, ilionyesha mfuatano kamili: buluu ukingoni, zambarau, kisha dhahabu kuizunguka kengele. Upande wa Franklin, ambao haukugusa karatasi, ulibaki kioo karibu kitupu. Senti 10 na robo zilikuwa za kijivu kizito pande zote, na senti 5, isiyo na fedha ndani yake, ilikuwa imefifia tu. Niliwaonyesha nyumbani picha hizo bila kuahidi utajiri. Seti za 1963 zilikuwa 3,075,645. Si adimu, na gharama ya kutuma sarafu Marekani kupimwa inaweza kumeza faida yote. Nilisema kwamba isiposafishwa tunaweza kuiuza kwa uzito siku yoyote, lakini ikisafishwa hatuwezi kurudi nyuma. Baba mkubwa akakata shauri: senti 10 na robo ziuzwe kwa gramu, na zikauzwa, nusu dola ibaki. Ipo kwenye kifuko cha plastiki isiyo laini, maana plastiki laini za PVC hutoa uteute wa kijani. Kiasi cha karo kilichopungua kilichangwa na ndugu.

Nimebaki na tatizo la maneno. Kwanza rangi zenyewe. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho: -eupe, -eusi, -ekundu. Vingine vyote tumevitoa kwenye vitu: kijani kwenye majani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, samawati kwenye mbingu, na buluu tumeiazima Ulaya. Kueleza pete tano za rangi kwenye sarafu ya milimita 30 kwa mali hiyo kunawezekana, nami nimeona kuwa ni afadhali kutaja vitu waziwazi, "dhahabu ya majani makavu", kuliko kulazimisha majina matupu.

Pili, jina la jambo lenyewe. Waingereza husema toning, lakini katika kitivo hiki toni tayari ina mwenyewe, na walimu wa Kiluba hawatakubali igawanywe. Kutu ni kosa, kwa kuwa kutu hula. Ukoga, ambalo kamusi hulitumia kwa meno na kwa chuma, liko karibu zaidi, ila lina harufu ya uchafu, na mama mdogo angelitumia kunishinda. Nimechagua patina, tunayoisikia katika Kifaransa na ambayo tayari inaishia kwa irabu. Nchi yetu nayo imewahi kuwa na prufu za fedha, kama zaire 5 ya 1975 yenye okapi, na siku moja mtu atahitaji kuieleza moja iliyogeuka rangi. Kabla neno halijagandamana, naomba jambo moja kwa wasomaji: anayejua jina la Kisanga, Kiluba, Kihemba au Kibemba la ile ngozi inayotanda juu ya msalaba wa shaba uliokaa sana nyumbani, aniletee, pamoja na toni zake.